Hiace ya Zamani, Mzigo na Njia ya Ngare Sero

Gari langu la kulalia ni Toyota Hiace ya kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 1989, lenye toshenba mbele (fito za chuma zinazojipinda kufanya kazi ya springi) na springi za mabamba nyuma. Baada ya kulipitisha mara kadhaa katika njia ya vumbi itokayo Engaruka kwenda Ngare Sero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, nimeona kwamba kinacholichosha gari la namna hii si makorongo, bali ni mzigo tunaoupakia wenyewe ukikutana na yale mawimbi madogo ya udongo yanayokatiza barabara kilomita baada ya kilomita.

Korongo humlazimisha dereva kwenda taratibu, kwa hiyo springi hupata muda wa kufanya kazi yake. La kuogopa pale ni kuvuka kimshazari hadi gurudumu moja la nyuma lining'inie, kwa kuwa difu ya kawaida, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, hupeleka nguvu huko huko hewani. Mawimbi ni habari nyingine. Shokapu hufanya kazi kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto, na isipopata nafasi ya kupoa, mafuta yake huwa mepesi, huchanganyika na hewa na kutoa povu, ndipo gari huanza kuelea na usukani kuchelewa kuitika. Niliposimama kando ya njia na kuzigusa shokapu kwa mgongo wa vidole, za mbele zilikuwa vuguvugu, lakini za nyuma hazikushikika.

Tofauti hiyo ilitosha kunionyesha tatizo lilipo. Tangi la maji la lita 80, yaani kilo 80 likijaa, lilifungwa nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli, likikandamiza mkia na kuyapunguzia magurudumu ya mbele uzito. Tulilihamishia mbele kidogo ya ekseli, na mabadiliko yakaonekana kabla hatujagusa springi hata moja.

Wengi hushauri kukaza bolti za toshenba ili mbele painuke. Sikubaliani nao. Kukaza huko hakuifanyi toshenba kuwa ngumu zaidi; huinua gari tu, na kupunguza nafasi ya gurudumu kushuka linapoingia shimoni. Fundi wetu wa Arusha aliniambia bila kuzunguka: “Kaka, ukikaza zaidi ya hapo, gari litakula boljointi,” yaani litamaliza haraka viungo vya mviringo vinavyoshika magurudumu ya mbele.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kupunguza upepo wa matairi ya nyuma kutoka PSI 45 hadi 32, mwendo nao ukipunguzwa, kisha kujaza tena kabla ya kuingia lami. Wapo wanaoamini kwamba mawimbi hayo huletwa na springi za malori, lakini wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha mwaka 2007 kwamba hata gurudumu lisilo na springi huyatengeneza, mradi lipite kasi fulani.

Kila tunapofika kambini hupitisha spana kwenye yubolti, yaani bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kwa sababu zikilegea, mabamba husogea na senta bolti, ile ya katikati inayoyashika pamoja, hukatika. Bushi za springi zimeanza kulia, nami nitaweka za mpira, kwani zile za plastiki ngumu, ingawa hudumu, hupitisha mtikisiko mwingi zaidi hadi kwenye chesisi ambayo tayari ina umri wake.