Mkungu, kutu na Benzi la marehemu baba

Jumapili, baada ya isha.

Leo gari limerudi kutoka kwa fundi wa AC kule Bondeni, na mamangu amekaa tena kiti cha nyuma, upande wa kushoto, mahali pake. Imepita miaka 11. Ya mama nitayafikia. Kwanza niandike habari ya majani, maana hasara yote ilianzia hapo.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 280SE ya 1978, bodi ambayo mafundi huiita W116. Ilitengenezwa kuanzia 1972 hadi 1980, na ndiyo ya kwanza Wajerumani kuipa rasmi jina la S-Class. Baba alilinunua mkono wa pili kwa mfanyabiashara wa Mji wa Kale. Yeye alikuwa karani tu wa kutoa mizigo bandarini, lakini siku alipoliegesha hapa Tudor, mtaa mzima ukamtia kwenye kabila la Wabenzi. Alikuwa akicheka. Wabenzi wa kweli, akisema, hawajui hata bei ya breki padi.

Alipofariki, Mungu amrehemu, gari lilibaki chini ya mti wa mkungu ulio mbele ya nyumba. Kila mwaka nikisema mwaka huu. Kunguru wakalifanya choo, watoto wa jirani wakaliandika majina kwenye vumbi, na mimi nikawa napita pembeni yake nikienda kazini kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Sisi wa Mombasa tumezoea kuitupia chumvi kila lawama. Geti likioza ni chumvi, friji ikifa ni chumvi, antena ya TV ni chumvi. Kwa hiyo nilipomleta fundi wa bodi kutoka Changamwe aje aone, nilikuwa na jibu langu tayari. Mzee hakunisikiliza. Alifungua boneti, akatia mkono pale chini ya kioo cha mbele, kwenye mashimo yanayovuta hewa, akautoa umejaa tope jeusi. Akalisugua kwa vidole viwili, akanionyesha mshipa wa jani.

"Mkungu wenu huu," akasema. "Bahari msiisingizie."

Pembeni, kulia na kushoto, kuna mifereji midogo ya kuyatoa maji ya mvua yateremke chini. Majani yalikuwa yameiziba. Masika baada ya masika maji yalikusanyika pale, yakatafuta njia ya kwao, yakaingia ndani chini ya zulia. Na zulia la Benzi hilo lina sponji nene chini yake, likishanyonya halikauki. Fundi alilikunja, akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kidole kimoja tu. Ikapita. Nilichungulia kwenye tundu nikaona changarawe za uani kwetu, na sisimizi anapita.

Kisha akaniomba sumaku. Nikamletea ile ya mlango wa friji, akaifunga kwa kipande cha leso isikwaruze rangi, akaanza kuipitisha bodi nzima. Mlango wa mbele ilishika. Boneti ilishika. Nyuma ya tairi la nyuma ikateleza, ikaanguka mchangani. Hapo hapakuwa na bati. Palikuwa na puti, unene wa kidole, na juu yake rangi nzuri ya kuvutia. Kuna mtu kabla yetu aliyeificha kutu kwa unga badala ya kuikata. Baba hakujua. Au alijua, akanyamaza.

Kazi ya bodi ilichukua miezi minne na sitaki kuikumbuka sana. Bati bovu lilikatwa mpaka kufikia zima, likachomelewa jipya, likapakwa praima yenye zinki, na ndani ya mihimili ikapulizwa nta, sehemu ambazo brashi haifiki. Nilimwambia mzee puti itumike ya kusawazisha tu. Akanitazama kama nimemtukana.

Injini ilinipa furaha zaidi. Ni M110, silinda sita, cc 2,746, na mfumo wake wa kupuliza petroli, K-Jetronic wa Bosch, unafanya kazi kimakanika tu: hewa inayoingia inainua sahani, sahani inasukuma pini, pini inapima petroli ya kila silinda. Hakuna kompyuta. Kijana mmoja wa waya alikuja na mashine yake ya kusoma makosa, akajipinda chini ya dashibodi kwa dakika kumi akitafuta tundu la kuchomeka. Mzee alimwacha ahangaike makusudi, anakunywa kahawa yake. Ugonjwa ulikuwa petroli ya zamani iliyoganda ndani kama gundi. Tulisafisha, tukabadilisha tangi na mipira, basi.

Ubishi ulianza tulipofika kwenye "kulifanya la kisasa".

Mdogo wangu yuko Doha. Ndiye anayetoa nusu ya pesa, kwa hiyo ana haki ya kutuma sauti za WhatsApp saa sita za usiku. "Kaka, tia rimu za inchi 20. Kaka, tia skrini. Kaka, zile taa za nyuma zitoe, tia LED nyeupe." Wiki moja alikuja na kubwa kuliko zote: ng'oa injini, tia betri. Alikuwa amesoma habari za Opibus ya Nairobi, iliyoanza 2017 na siku hizi inaitwa Roam, ambayo ilianza kwa kugeuza magari ya mafuta kuwa ya umeme. Nakiri nililiwaza hilo siku mbili nzima. Nikiangalia bei ya petroli lina mantiki yake. Lakini betri za kulisukuma gari zito hivi zingetaka nafasi, na nafasi ingetaka kukatwa, na cha kukata ni lile lile bati tulilotoka kulichomelea. Tena leo ukiliharibu hili huna pa kuagiza jingine: gari lililotumika likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini. Halitashuka tena bandarini Kilindini Benzi la 1978.

Mama alikuwa anasikiliza hizo sauti huku akichambua mchele. "Kipya kinyemi," akasema, "ingawa kidonda." Akaendelea na mchele wake.

Basi nikajiwekea sharti. Kitu kipya kikiweza kutolewa kesho bila kukata bati, kinaingia. Kisipoweza, tukae tuongee. Kwa sharti hilo mikanda ya nyuma imeingia, maana lilikuja na ya mbele tu na wajukuu wa mama ni watano. Redio ni Becker ile ile, vitufe vyake na mshale wake, ila fundi wa redio ametia kipande cha bluetooth tumboni mwake. Binti yangu anapiga taarab kutoka kwenye simu, inatoka kwenye uso wa redio iliyomzidi umri mara tatu. Ubao wa dashibodi ulikuwa umebanduka. Niliupeleka kwa fundi wa milango ya nakshi kule Mji wa Kale, naye akaukwaruza kwa kucha akasema hii ni ngozi ya mti tu, si mti. Lakini aliirudisha vizuri, na vanishi yake inang'aa.

Taa za nyuma nilikataa katakata. Zina mikunjo, kama bati la mabanda lililolazwa. Mdogo wangu anaziita za kizee. Mikunjo ile iliwekwa kwa ajili ya tope: uchafu unakaa juu kwenye vigongo, mabondeni haufiki, taa inaendelea kuonekana. Mwezi wa tano nilitoka nalo Changamwe mvua ikinyesha, malori yakinirushia tope mpaka kioo cha nyuma hakioni. Nilipofika nyumbani nilizunguka kutazama. Vigongo vyote vya kahawia, na kati yake mistari myekundu, safi. Nikazipiga picha, nikamtumia mdogo wangu. Alijibu kwa kidole gumba.

AC ndiyo iliyonishinda sharti langu. Ya asili ilitumia gesi ya R12, ile inayoharibu ozoni na iliyoanza kuondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987. Fundi wa kwanza, sitamtaja, alimimina R134a, gesi mpya iliyochukua nafasi yake, juu ya mambo yote ya zamani akachukua elfu nane zake. Baridi ilidumu siku tisa. Huyu wa Bondeni alicheka nilipomsimulia. Mafuta ya kompresa ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya, akaniambia, na mipira ya zamani inavuja. "Gesi hii ni mtoto mtundu, mwanangu. Ukimfungia kwenye banda la makuti atatoka." Akabadilisha mipira, draya ya kunyonya unyevu, sili zote, akaosha mfumo, akatia kondensa ya kisasa yenye vijia vingi vyembamba, kwa sababu ile ya zamani haitoi joto la kutosha kwa gesi hii. Kondensa mpya haikukaa kwenye vishikio vya zamani. Tukatoboa matundu mawili. Nilishika tochi mwenyewe, na kila drili ilipolia nilifumba macho.

Leo alasiri, basi. Jua la Mombasa mnalijua. Mama alikaa kwanza, akavuta buibui lake, kisha akaingiza miguu, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akifanya zamani. Hakusema kitu mpaka Makadara. Tulipofika Mama Ngina, kule ufukweni, akaniambia nisimame, akanunua kachiri za muhogo, zikatiwa ndimu na pilipili, akarudi nazo ndani, akafunga kioo.

"Mama, zitamwagika."

"Babako miaka yote ile hakuniachia kula humu hata tende," akasema. "Ongeza hiyo baridi."

Akala zote, taratibu, akitazama meli ikiingia. Pilipili imebaki kwenye mshono wa kiti cha ngozi mpaka sasa. Nimeisugua kwa kitambaa kibichi haijatoka vizuri.

Jirani ananishauri nikate mkungu. Mama hataki kusikia. Mkeka wake wa alasiri unatandikwa pale, na watoto wanaokota kungu. Kwa hiyo nimekata kipande cha wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, nikakilaza juu ya yale mashimo chini ya kioo. Kimenigharimu shilingi 150. Kabla ya kuandika haya nilitoka na tochi nikafungua boneti. Majani mawili juu ya wavu, moja limeshakuwa jekundu, na unyoya wa kunguru.