Babu Alipogoma Kula

Siku ya kumi na moja nilijikuta nimepiga magoti mbele ya sanduku la kioo, namwambia mjusi, "Kula basi, baba. Hata kidogo."

Mjusi mwenyewe anaitwa Babu, ni wa aina ambayo kwa Kiingereza huitwa bearded dragon. Jina alipewa na mwanangu kwa sababu ya ndevu, ingawa si ndevu za nywele. Ni ngozi ya kidevuni yenye vijimwiba, ambayo akikasirika huivimbisha ikawa nyeusi tii kama masizi ya sufuria. Baba yangu kule Tanga alipotumiwa picha alicheka mpaka akakohoa. Asili ya mijusi hawa ni nyika kavu za katikati ya Australia, na serikali ya huko hairuhusu wauzwe nje tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa wanaofugwa Uingereza wamezaliwa ndani ya masanduku, wao na wazazi wao. Kwa ukoo ni ndugu wa mjombakaka, yule tuliyekuwa tukimrushia mawe utotoni. Mjusi kafiri naye hatukumwacha, maana tuliambiwa ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu. Habari hizo mwanangu sikuwahi kumsimulia.

Ilikuwa Januari 2019, tunaishi mji wa Reading, Uingereza, saa kumi na moja jioni giza limeshatanda. Mwanangu alikuwa na miaka tisa na alijua mambo ya Babu kuliko alivyojua hesabu. Ndiye aliyetutuliza mwanzoni: mijusi hawa wakati wa baridi huweza kulala wiki kadhaa, wakala kidogo sana au wasile kabisa. Sawa. Lakini mjusi mzima aliyelala tu hapungui hovyo. Tulimweka Babu kwenye mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa maandazi. Novemba alikuwa gramu 412. Siku ile, gramu 361. Shina la mkia lilishaanza kubonyea na mifupa ya nyonga inahesabika.

Chakula kilikuwepo. Nilimkatia sukuma wiki nyembamba kama za kachumbari, nikamkwangulia boga, nikamwachia nyenje watatu wamrukie mgongoni. Nikamnunulia na mende. Ndiyo, mende, mimi niliyekulia nyumba ambayo kila Jumamosi tulikuwa tunawapulizia dawa, nikatoa pesa yangu halali dukani nikapewa mende kwenye kikopo. Akawatazama kwa jicho moja, akalifumba.

Usiku huo nikaamua kumlisha kwa nguvu. Kwetu mgonjwa asiyekula haachwi, anakorogewa uji na atanyweshwa hata kwa kijiko cha chai. Nikasaga boga lililochemshwa, nikalivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile lililobaki kwenye dawa ya homa ya mtoto. Mwanangu akamshika, mimi nikambana taya. Ndevu zikawa nyeusi. Nikasukuma. Nusu ilimwagika mkononi, nusu ikaingia, halafu puani pakatoka kipovu cha rangi ya chungwa. Mwanangu akapiga kelele, "Mama, unamuua!"

Kinachoniuma ni kwamba kazi yangu ndiyo hiyo. Nalisha wazee, katika makazi ya kulelea wazee, mwaka wa sita wakati ule. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wafanyakazi wapya: usimlishe mtu aliyelala chali, usitie kijiko cha pili kabla hujaona koo limepanda na kushuka, na akikataa, uliza kwanza kwa nini anakataa. Nyumbani kwangu nililisahau somo lote.

Daktari wa wanyama alikuwa msichana mdogo, mikono imejaa mikwaruzo. Nilijiandaa kumweleza orodha ya vyakula, hakuihitaji. Alimuuliza mwanangu, si mimi, "Chini ya taa yake kuna joto kiasi gani?"

"Arobaini," mwanangu akajibu bila kusita, maana ndivyo lilivyotakiwa kuwa, kati ya nyuzi 38 na 42.

Nikahisi masikio yanawaka. Novemba, bili ya umeme ilipokuja, nilipita kila chumba nikizima na kubadilisha. Taa ya Babu ilikuwa ya wati 100. Niliona ni ufujaji, wati 100 kwa mjusi mmoja, kutwa! Nikafunga ya wati 60. Sikumwambia mtu. Na kile kipimajoto cha mshale kilichobandikwa ukutani mwa sanduku kilikuwa kimekwama kwenye 38 sijui tangu lini, hakuna aliyekitilia shaka.

Nilikiri kwa Kiswahili kwanza, nikimtazama mwanangu. "Baba, taa niliibadilisha mimi." Hakusema kitu. Akainama akaendelea kumpapasa Babu kichwani. Ndipo nikamgeukia daktari nikarudia kwa Kiingereza.

Hakunigombeza. Alieleza kwamba mnyama huyu hana moto wake mwenyewe, moto wake ni taa. Tumbo likiwa baridi, halisagi. Chakula ukikilazimisha humo kinakaa na kuoza. Kwa maana hiyo Babu kugoma kula ilikuwa akili, na boga langu ndilo lililokuwa hatari. Akauliza na umri wa ile taa ndefu ya mionzi ya UVB. Ilikuwa na mwaka na miezi miwili, bado inang'aa vizuri tu. Kumbe mwanga hubaki na mionzi ikafifia, na bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu ikaliwa bure, mifupa ikalegea. Alimbonyeza taya kwa kidole gumba, taratibu. Lilikuwa bado gumu. Kinyesi kilikuwa na minyoo michache ambayo hakuona haja ya kuitibu.

Akatupa utaratibu: joto, halafu maji, chakula mwisho. Siku mbili nzima za taa mpya na maji ya vuguvugu ndani ya beseni, yasipite mabega, bila kumpa hata punje. Zile siku mbili zilinishinda. Nilipomweleza mama kwa simu, baada ya shikamoo na marahaba, alinyamaza, akauliza, "Mgonjwa hali, na daktari kasema asipewe?" Nikamwambia ni mjusi, mama. Akasema hata kama.

Siku ya tatu tukakoroga unga wa lishe ya wagonjwa, ukawa laini kama uji wa mtoto wa miezi sita. Mililita 2 tu. Tulimsubiri aote taa saa nzima, mpaka tumbo likawa la moto mkononi. Hakuna kubana taya safari hii. Tundu la pumzi la mjusi liko pale pale kwenye shina la ulimi, uji ukisukumwa katikati unaingia mapafuni, kwa hiyo bomba linapita ubavuni mwa mdomo, na kabla ya hapo unamwekea tone kwenye ncha ya pua umwachie mwenyewe.

Mwanangu ndiye aliyeweka tone. Lilikaa pale, la kijani, likimning'inia kama kamasi. Dakika nzima. Kisha ulimi ukatoka, mnene, wa waridi, ukalifuta, ukarudi ndani. Akafikiri. Nilikuwa natazama koo lake kama ninavyotazama makoo ya wazee wangu: likapanda, likashuka. "La pili," nikanong'ona.

Tuliendelea hivyo wiki moja na siku mbili, kila siku kwa ratiba, tukimpima asubuhi. Gramu 358, 360, 363. Jioni ya tisa nilikuwa jikoni nakaanga samaki niliposikia mlio, kama mtu ameuma bisi. Nikasikia tena. Nilipofika chumbani mwanangu alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kioo, na mguu wa mende ukichungulia pembeni mwa mdomo wa Babu.

Juu ya soketi ya taa palikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: MAMA USIGUSE.