Petroli ya Desemba

Jumamosi usiku, Muheza.

Mkono wa kulia unaniuma kuanzia kiganjani mpaka begani, na kidole cha shahada kimetoka lengelenge. Nimeshinda na kamba ya mashine ya kufyekea. Nilipanga nimalize kabla jua halijawa kali, nile na mama, halafu nirudi Tanga mjini na basi la saa kumi. Sasa ni saa mbili usiku, bado nipo hapa kwa mama, na nashukuru nipo.

Masika haya mvua haikutupa nafasi. Nilipofika asubuhi, njia ya kutoka mlango wa uani kwenda banda la kuku ilikuwa haionekani. Majani yalinifika magotini, na huko kwenye michungwa yalinipita kiuno. Mama ana miaka 78. Kila alfajiri anapita humo na ndoo ya pumba, kandambili miguuni. Kijana wa jirani ndiye aliyeninong'oneza kwamba wiki mbili zilizopita waliua swila pale karibu na kisima. Mama kwenye simu hakunigusia kabisa. Kila nikipiga ananijibu, "Hatujambo, mwanangu, wewe angalia kazi yako."

Mashine niliikuta stoo palepale nilipoiegemeza Desemba, petroli yake tangini. Nikawasha swichi, nikabonyeza kipira cha kupandishia mafuta, nikafunga choki, ile ya kubania hewa, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, kimya. Mtu mwenye hofu moyoni huvuta kwa nguvu, na mimi nilikuwa namwaza yule swila na zile kandambili. Nadhani nilivuta mara 50 au 60, choki imefungwa muda wote, mpaka matone ya mafuta yakaanza kuchuruzika kwenye sailensa. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Iache ipumue, mwanangu."

Sikuiacha. Niliiacha pale tu mkono ulipokataa.

Kijana wa jirani akaenda kumwita fundi wa pikipiki wa pale njia panda, ambaye pia hutengeneza chenso za wapasua mbao. Alikuja na begi dogo, akampa mama shikamoo, akachuchumaa mbele ya mashine. Nilitegemea ataanza kwa kuvuta kamba kama mimi. Hakuigusa. Alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, kisha akaniangalia.

"Dada, mafuta haya ya lini?"

Nikamwambia ya Desemba. Akaomba gilasi mbili ambazo mama hazitumii tena. Moja akaitia petroli kidogo aliyoitoa kwenye pikipiki yake, nyingine akaimiminia iliyokuwa kwenye mashine, akaziweka juani, sambamba. Ile mpya ilikuwa nyepesi, unaona mpaka chini ya gilasi, na harufu yake inachoma pua. Yangu ilikuwa na rangi ya chai kavu na inanuka kama vanishi ya makabati. Nilipoitikisa ilipanda ukingoni ikabaki imenata kidogo kabla ya kushuka. Akanieleza kwamba kwenye petroli kile chepesi, kinachoshika moto haraka, ndicho kinachoondoka kwanza. Kinachobaki huganda polepole kama utomvu, na matundu ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, ni membamba kuliko sindano.

Nilibaki nimeinama juu ya zile gilasi. Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, na sasa Mei. Nilidhani nahesabu umri wa petroli, kumbe nahesabu miezi ambayo sijakanyaga hapa. Pesa nilituma kila mwezi, na Machi nilituma ya kumlipa mtu afyeke. Mama akanunulia pumba, kwa sababu kuku wanakula leo na majani yanaweza kusubiri. Mimi huko mjini nikahesabu kwamba pamefyekwa. Simu haina macho, na mama yangu hajawahi kunilalamikia kitu hata siku moja.

Fundi aliendelea. Alifungua plagi, ikatoka imelowa na nyeusi. Hapo ndipo alipoipa ile kazi yangu ya asubuhi jina lake: injini imezidiwa mafuta. Kila nilipovuta choki ikiwa imefungwa nilikuwa naijaza petroli bila hewa, na plagi iliyolowa haiwezi kuchoma. Akaifuta, akaipiga brashi, akavuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili silinda ijikaushe. Kisha akasogeza gilasi zote mbali, akairudisha plagi kwenye kofia yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia nivute. Cheche ya buluu ikaruka kwenye ncha.

"Umeme upo," akasema. "Tusiutafute tena ugonjwa huko."

Kauli hiyo niliipenda. Mimi asubuhi nzima nilikuwa naituhumu mashine yote kwa pamoja. Yeye alikuwa anaondoa kitu kimoja kimoja mezani: umeme, mafuta, hewa.

Akatia petroli mpya, akabonyeza kile kipira. Ndani yake, kwa sababu ni cha plastiki angavu, tuliona mapovu yanapita, yanapita, hayaishi. Mafuta hayajai. Akaufuata mpira wa mafuta kwa kidole mpaka pale unapoingia tangini, akaukunja kidogo, na hapo ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele. Ukiuachia unajifunga, huoni kitu. Ningeutazama hadi kesho nisiuone, maana haukuwa ufa wa kuonekana mpira ukiwa umenyooka. Injini ilikuwa inanyonya hewa mahali ilipotakiwa kunyonya petroli.

Mpira mpya alikuwa nao, wa chenso, ukaingia vilevile. Kabureta aliifungua akaisafisha kwa petroli na kuipuliza, akanikataza nisije nikachokonoa matundu yake kwa waya hata nikiwa na haraka ya namna gani. Sponji ya kuchujia hewa nikaiosha kwa sabuni nikaianika. Shilingi 15,000 pamoja na mpira.

Kuchanganya mafuta nilitaka nifanye mwenyewe, niizoee. Kifuniko cha tangi kimeandikwa 25 kwa 1, maana yake lita moja ya petroli inataka mililita 40 za oili, ile ya kuchanganyia kama wanayotumia wavuvi kwenye mashine za boti. Kipimo hatukuwa nacho. Mama akaingia ndani akatoka na kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, cha mililita 10. Nikapima mara nne, akinishikia chupa kwa mikono yote miwili.

Nikabonyeza kipira mara saba, mafuta yakajaa, mapovu hayapo. Choki nikaifunga, nikavuta taratibu. Mara ya tatu injini ikakohoa. "Fungua choki sasa," akasema fundi. Nikafungua, nikavuta, ikawaka. Moshi ukatanda, kuku wakatimka, na mama akasimama pale barazani, mikono kifuani, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Nilianza na njia ya bandani. Niliipanua pande zote mbili, hatua tatu huku, hatua tatu huku, ili mtu aone mbali kabla ya kuweka mguu. Kwenye michungwa niliacha duara kuzunguka kila shina nikang'olea kwa mkono, kwa sababu ule uzi wa nailoni ambao mashine inakatia unachubua gome, na mchungwa uliochubuliwa gome kuzunguka shina lote unakauka. Baba aliipanda hii kabla sijaanza shule. Basi la saa kumi likapita barabarani nikiwa mstari wa pili.

Nilipomaliza nilimwaga mafuta yote yaliyobaki tangini kwenye chupa yake, nikaiacha injini iungurume hadi ikazima yenyewe, kabureta ikauke. Kwenye chupa nikabandika plasta nikaandika tarehe. Tukatafuta pa kuiweka, mbali na jiko, juu ya boriti ya stoo.

"Umeandika nini hapo?" mama akauliza.

"Siku tuliyochanganya. Fundi anasema yakishachanganywa na oili yasikae zaidi ya mwezi."

"Mwezi mmoja."

"Eeh, mama."

Akaishusha ile chupa kutoka juu ya boriti akaiweka kwenye rafu ya chini, pale anapochukulia pumba kila asubuhi.