Alama za kijani na tarehe nne

Oktoba 2019 ilitoka orodha ya nchi 195 zilizopimwa utayari wa magonjwa ya mlipuko, ile ya GHS (Global Health Security, yaani usalama wa afya duniani). Marekani ikashika namba moja kwa alama 83.5 kati ya 100. UVIKO-19 ilipofika, iliua huko zaidi ya watu milioni.

WHO nayo ina tathmini yake ya pamoja ya utayari huo, JEE (Joint External Evaluation). Tanzania ndiyo iliyotangulia kufanyiwa, Februari 2016. Kila kiashiria hupewa 1 hadi 5: moja nyekundu, nne na tano kijani. Inapima kilichopo: sheria, maabara, mpango wa dharura. Haipimi mwendo. Mpango upo, sawa, lakini uko kabatini kwa nani?

Ndiyo maana nakipenda kipimo cha mwendo kiitwacho 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Unahitaji tarehe nne tu: mlipuko ulipoanza, ulipogunduliwa, taarifa ilipotolewa na hatua zilipokamilika, ila hapo ndipo watu huvurunda.

Chukua mfano wa kubuni. Mgonjwa wa kwanza anaanza homa tarehe 2. Tabibu wa zahanati anamwandika kwenye rejesta kama mshukiwa tarehe 8, wilaya inaarifiwa tarehe 11, majibu ya maabara yanatoka tarehe 13. Hatua zote zimeshafanyika kufikia 15, isipokuwa vifaa vya kujikinga vya wodi ya kutengea, vilivyofika 21.

Kugundua: siku 6, wamepita. Taarifa: siku 3, wameanguka. Hatua: siku 10, wameanguka pia, kwa sababu inayohesabika ni tarehe ya hatua iliyochelewa kuliko zote.

Kosa la kila mara ni kuandika 13, siku ya majibu, kuwa ndiyo siku ya kugundua. Hapo kugundua kunakuwa siku 11 na ucheleweshaji wa taarifa unafutika kabisa. Fedha zitakwenda kwenye semina za kutambua dalili, wakati tabibu alizitambua mapema, akaogopa kupiga simu bila karatasi ya maabara.

Kwenye safu ya kikwazo ya fomu ya 7-1-7, panapoandikwa kilichochelewesha, usikubali "ukosefu wa rasilimali". Hilo hujaza fomu tu. Andika: "zahanati haina namba ya mratibu wa ufuatiliaji wa wilaya", au "stoo ya vifaa ilifungwa Jumamosi, mwenye ufunguo alisafiri".