Kabla ya Kumkabidhi Mchongaji Bloku: Kutafuta Karakana ya Injini Mbeya

Mtu anayetaka kufufua injini kuukuu jijini Mbeya hapati taabu ya kumpata fundi wa kuifungua. Kuanzia Mafiati hadi Mwanjelwa, na kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, wako mafundi wengi wanaoweza kuishusha injini ya Hilux asubuhi na kuifungua yote kabla ya chakula cha mchana. Taabu huanza pale bloku (mwili wa injini wenye silinda), krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na silinda hedi (kifuniko cha juu chenye valvu) vinapotakiwa kupelekwa kwa mchongaji, yaani fundi anayevichonga upya kwa mashine, kwa kuwa makosa ya mchongaji huwa ya sehemu chache za mia za milimita, hayaonekani kwa macho, na mwenye gari huyagundua injini ikiwa imekwisha kufungwa na fedha zimekwisha kulipwa.

Gari langu ni pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 3L: silinda 4, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 96 na mwendo wa pistoni wa milimita 96, jumla sentimita za ujazo 2,779. Ilikuwa imeanza kula oili na kutoa moshi wa buluu kila ilipopandisha kutoka Uyole kuelekea Isyonje. Baadhi ya jamaa walinishauri nitafute injini ya mtumba, na wengine walisema vyuma vyote vipakiwe kwenye basi vipelekwe Dar es Salaam. Ushauri wa kwanza niliukataa, kwani injini ya mtumba ya umri uleule huenda imechakaa kuliko niliyo nayo, na muuzaji hakubali ifunguliwe ili ipimwe. Ushauri wa pili una uzito wake, maana Dar es Salaam kuna mashine nyingi zaidi, lakini umbali ni zaidi ya kilomita 800, na mteja asiyeweza kufika karakanani hawezi kusimama karibu na mchongaji wakati vipimo vinachukuliwa. Kwangu mimi jambo hilo lilitosha kunibakiza Mbeya.

Katika kuulizia sikuwategemea sana wenye magari madogo. Niliwaendea wamiliki wa malori na wenye mashine za kukoboa mpunga wa Usangu na Kyela, ambao injini zao hufanya kazi nzito msimu mzima, hivyo ubovu wa uchongaji huwadhihirikia upesi. Wauzaji wa spea nao wanajua mengi, ingawa ni vyema kukumbuka kwamba muuzaji anaweza kuwa na maslahi katika karakana anayoisifu. Swali lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili: ni karakana ipi iliyowahi kukukatalia kazi, na kwa sababu gani? Mchongaji anayethubutu kumwambia mteja kwamba krenki yake haifai tena kuchongwa amekwisha kuonyesha kwamba anapima.

Kupima ndiko kulikonifanya niamue. Katika karakana moja nilikoanzia, kijana aliyenipokea alipitisha kidole ndani ya silinda na kutamka kwamba zote zitapigwa hamsini, yaani zipanuliwe kwa nusu milimita, bila kugusa kifaa chochote. Silinda haichakai sawasawa. Huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza ya pistoni inapogeukia, na tena huliwa zaidi upande ambao pistoni huegemea inaposukumwa chini, kwa hiyo shimo lililokuwa duara huwa na umbo la yai. Ili kuujua ukweli wake, hupimwa katika vimo vitatu, na katika kila kimo hupimwa pande mbili zinazokatana. Kidole hakiwezi kuyajua hayo, hata kiwe cha fundi wa miaka mingi.

Karakana niliyoichagua hatimaye ina mashine za zamani kuliko zile za kwanza, na sikulijali hilo. Nilimsalimu mchongaji wake:

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Pistoni umekuja nazo?”

“Bado, mzee. Nilitaka kwanza nijue saizi.”

“Vizuri. Nitapima, nitakuandikia, ukanunue. Mpaka uzilete, hii bloku siigusi.”

Sababu yake ni rahisi kueleza, ingawa wengi huipuuza. Pistoni za aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko bloku ya chuma, hivyo lazima kuwe na nafasi maalumu kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Nafasi ikiwa ndogo mno, pistoni hukwama injini ikipata moto. Ikiwa kubwa mno, hugonga ukuta na oili hupanda. Pistoni zilizotoka katika boksi moja zinaweza kutofautiana kidogo, kwa hiyo mchongaji makini hupima kila moja kwa mikromita, huitia namba, na kuchonga silinda ya kwanza kwa kipimo cha pistoni ya kwanza, na kuendelea hivyo hadi ya nne. Pia huacha kiasi kidogo cha chuma kwa ajili ya kupitisha mawe ya kusugulia, ambayo huacha michirizi inayokatana kama kazi ya msuka mkeka. Oili hushikwa katika michirizi hiyo, na ringi mpya hukaa vizuri ukutani. Silinda inayong’aa kama kioo humpendeza mteja, lakini siyo inayotakiwa.

Krenki ilihitaji kuchongwa robo milimita, na bering, yaani vikalio ambamo krenki huzunguka, zikanunuliwa za saizi hiyo. Hapa niliangalia kona, mahali ambapo sehemu inayokaa bering hukutana na shavu la krenki. Kona hiyo inapaswa kubaki na mviringo. Ikiachwa kali, ufa huweza kuanzia hapo na krenki ikakatika. Niliuliza pia kama karakana ina jenereta, kwa sababu sipendi jiwe la kuchongea lisimame ghafla juu ya krenki yangu umeme ukikatika.

Silinda hedi ilifungwa vizibo, ikajazwa upepo na kuzamishwa katika maji ya moto ili mapovu yaonyeshe kama kuna ufa, nayo haikuwa nao. Anayefikiria kuipunguza uso akumbuke kwamba katika injini ya dizeli valvu huwa karibu sana na pistoni, na kwamba unene wa gasketi, kizibo kinachokaa kati ya bloku na hedi, huchaguliwa baada ya kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Mchongaji asiyetaja jambo hilo aulizwe.

Malipo tulikubaliana yawe nusu mwanzoni na nusu baada ya mimi na fundi wangu kupima upya. Vipimo vyote viliandikwa katika karatasi ambayo bado ninayo. Nyumbani tulifungua vizibo vya njia za oili, tukaosha bloku kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kilipotoka bila weusi, kisha tukaipaka oili papo hapo isishike kutu.

Baada ya kuifunga injini, tulipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, hivyo geji husoma chini ya namba zilizomo katika kitabu cha gari hata injini ikiwa nzima. Fundi wangu alianza kuingiwa na wasiwasi. Nilimwomba aangalie tofauti kati ya silinda na silinda, na zote nne zilikuwa zimekaribiana.