Ukweli hauongezi pointi

Leo ni siku ya sita na maneno ya mdogo wangu bado yamenikaa kooni.

Alinipigia Jumamosi usiku, saa nzima baada ya mechi. Tulikuwa tumefungwa tatu bila. Tatu zenyewe hazikuniuma sana, tumewahi kula zaidi ya hizo. Aliyeniuma ni kocha. Yule kijana wetu wa beki ya kushoto, miaka kumi na tisa, mechi ya pili tu kuanza, alitolewa kabla ya mapumziko. Akapita mbele ya benchi ameinamisha kichwa, na kocha hata mkono hakumpa. Halafu kwenye mahojiano nikamsikia kocha akieleza kilichotokea, na kila kitenzi chake kilianza na wa-. Walichelewa kurudi. Walisahau maelekezo. Walipoteza mipira. Nikasubiri ni- moja tu, hata ya bahati mbaya, haikuja.

Nikamwambia mdogo wangu hayo yote kwa pumzi moja. Akanyamaza kidogo.

"Dada, kwani wewe unataka nini hasa kwa yule mtu?"

"Nataka aseme ukweli. Aseme, nilipanga kikosi vibaya."

"Ukweli hauongezi pointi, dada."

Akauliza hali ya mwanangu Zawadi, tukaagana. Basi. Hakusema kwa ubaya, namjua. Lakini sentensi hiyo nimeoga nayo, nimepiga nayo pasi, nimekwenda nayo kazini. Jumatatu nimethibitishwa rasmi kwenye ile nafasi niliyokuwa nakaimu, Jumatano Zawadi amehamia bweni na kitanda chake kimebaki kimetandikwa, na katikati ya hayo yote mimi nilikuwa natafuta jibu la kumpa mtu ambaye pengine alishasahau alichosema.

Watu hudhani shabiki anataka makombe. Nayataka, sana. Lakini Baba, ambaye ameshafariki, aliishabikia timu hii maisha yake yote na kombe aliliona mara moja. Kama makombe ndiyo yangekuwa ujira, angehama zamani. Alichokuwa anakitazama kwa kocha ni vitu vingine kabisa. Je, anakuja kutupigia makofi tulipofungwa, au anawahi kuingia ndani? Akikosea kumtoa mchezaji, anambebesha nani? Baba hakuwahi kumdai kocha ushindi. Alikuwa akisema, "Huyu ameiona mechi niliyoiona mimi," na hiyo ilikuwa sifa yake ya juu. Aliyefungwa tatu akasema tulicheza vizuri, Baba alizima redio.

Usiku wa Jumanne nikamwandikia mdogo wangu ujumbe mrefu kuhusu Marcelo Bielsa, aliyekuwa kocha wa Leeds United ya Uingereza. Aprili 2019, Leeds walikuwa wanapigania kupanda Ligi Kuu ya Uingereza. Wanacheza na Aston Villa, mchezaji wa Villa yuko chini ameumia, Leeds wakaendelea na mpira wakafunga. Uwanja ukachafuka. Bielsa akawaamuru wachezaji wake wawaachie Villa wasawazishe, na Villa wakatembea na mpira mpaka wavuni. Ikaisha moja moja, na kwa sare hiyo wapinzani wao Sheffield United wakawa wamejihakikishia nafasi ya kupanda moja kwa moja. Leeds wakabaki kwenye mchujo, wakatolewa. Huyo ni kocha aliyetoa pointi kwa mkono wake mwenyewe! Na mwaka uliofuata, 2020, akawapandisha wakiwa mabingwa baada ya miaka 16 nje ya Ligi Kuu. Nikaongeza na ile ya wachezaji kuokota takataka: aliuliza shabiki wa kawaida anafanya kazi saa ngapi ili apate tiketi, akaambiwa kama saa tatu, basi akawatoa wachezaji wakaokote takataka kwa saa tatu.

Jibu la mdogo wangu lilikuwa maneno mawili. "Na walimfukuza."

Ni kweli, Februari 2022, mabao yalipozidi kuingia. Lakini waliomfukuza si waliokuwa jukwaani. Waliokuwa jukwaani waliendelea kuimba jina lake, na picha zake zimechorwa kwenye kuta za mji ule. Niliyaandika hayo, nikayafuta. Niliona nitakuwa nabishana kuhusu Leeds, na mimi nilichotaka kubishania ni yule kijana wa beki ya kushoto.

Jana nikaendelea kutafuta mifano. Nilianza na Bill Shankly, aliyekuwa akikaa na taipu yake kujibu barua za mashabiki wa Liverpool, nikawa nafikiria shabiki anayefungua bahasha na kukuta sahihi ya kocha. Kutoka hapo nikaangukia kwa Jürgen Klopp, naye aliyewahi kuwa kocha wa Liverpool, na hapo ndipo mambo yalinigeukia.

Novemba 2015 ana wiki chache tu Liverpool. Crystal Palace wanafunga bao la pili dakika ya 82, watu wanaanza kuondoka uwanjani. Baada ya mechi Klopp akasema alijihisi mpweke alipowaona wakitoka. Hakutukana mtu. Alisema tu alichokiona. Mwezi uliofuata wakapata sare ya mbili mbili na West Bromwich Albion kwa bao la dakika za nyongeza, naye akawashika wachezaji mikono wakaenda wote mbele ya jukwaa la mashabiki. Watu waliwacheka, eti wanasherehekea sare. Alikuwa anawashukuru waliobaki.

Nikakaa na simu mkononi bila kusoma tena. Kwa sababu Jumamosi mimi sikubaki. Bao la tatu lilipoingia, dakika ya 74, nilizima televisheni nikaenda kuosha vyombo. Mahojiano niliyatazama baadaye, kwenye simu. Mdogo wangu sikumwambia hilo. Niliongea naye kama mtu aliyekaa mpaka mwisho.

Na Desemba 1989, mashabiki wa Manchester United walipoinua bango la kumtaka kocha wao, Alex Ferguson, aende zake, je, mimi nisingeshika ncha moja? Mei iliyofuata alichukua Kombe la FA. Alistaafu mwaka 2013 akiwa na mataji 13 ya ligi aliyoshinda na United. Nimejiuliza kwa dhati, na sipendi jibu ninalolipata.

Kwa hiyo jana usiku nikazitazama zile dakika kumi na sita. Zilikuwa ngumu, hatukupiga hata shuti la maana. Lakini dakika ya 81 kamera ilipita kwenye benchi letu, na kocha alikuwa amekaa kando ya yule kijana. Amemwinamia, anamwonyesha kitu kwa viganja, huku kulia, huku kushoto, kama mtu anayeeleza mlango uko wapi. Kijana anatikisa kichwa kukubali. Sekunde tatu, nne, kisha kamera ikarudi kwenye mpira. Nimezirudia mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sijui alikuwa anamwambia nini. Kama alikuwa anamwambia "nilikosea mimi," basi angetuambia na sisi. Bado naidai ile ni- yangu, na mahojiano yale sijayasamehe. Ila nikimkuta mdogo wangu kesho nitaanza na dakika ya 74, kabla ya kitu kingine chochote, halafu aseme atakalosema. Na Jumamosi hii nakaa mpaka kipenga cha mwisho, hata ikiwa tano.

Nilitaka kumsimulia Mama haya yote leo jioni, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwashia Baba redio. Aliniuliza nitakwenda kumwona lini, nikamwambia Jumapili. Tukaongea, tukaagana. Nusu saa baadaye akanipigia tena, sauti ile ile ya furaha, akaniuliza nitakwenda kumwona lini.