Agizo Lililorudiwa Mno

Baada ya kumzika ami yangu hapa Lamu, aliyefariki kwa saratani ya ini, binamu yangu aliniuliza barazani iwapo watoto wake wapimwe jeni, kwa kuwa daktari alikuwa amewaeleza kwamba ugonjwa huo huchochewa na jeni zinazofanya kazi kupita kiasi. Kwa vile nafundisha biolojia, nilidaiwa jibu papo hapo. Nililolitoa siku ile lilikuwa fupi mno, na hapa ninalikamilisha.

Jeni ni agizo la kutengeneza protini. Fundi wa majahazi kule Matondoni akiagiza ubao mmoja, huletewa mmoja. Akilirudia agizo hilo mara mia, mbao huujaza uwanja hata pasiwe na pa kukanyaga, ingawa agizo lenyewe halikuwa na kosa. Ndivyo ilivyo kwa jeni ya MYC, inayoihimiza seli kukua na kugawanyika: katika saratani nyingi za ini nakala zake huongezeka kwenye kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, na protini yake ikazidi. Jeni ya TERT hunistaajabisha zaidi. Katika seli za ini la mtu mzima huwa karibu imenyamaza, hivyo ncha za kromosomu hupungua kila seli inapogawanyika, mpaka mgawanyiko ukome. Lakini sehemu inayoiwasha ikibadilika herufi moja tu, au virusi vya homa ya ini aina ya B vikijipachika jirani yake, jeni huamka, ncha hurefushwa upya, na seli iliyokwisha muda wake huendelea kuzaana.

Mabadiliko haya, mara nyingi, hutokea ndani ya ini lenyewe mtu akiwa hai, wala hayamo katika mbegu anayowarithisha wanawe. Kinachozunguka katika ukoo ni virusi, kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa, au baina ya watoto wanaolelewa pamoja. Na ni chakula cha ghala moja, kwani sumukuvu ya mahindi huiharibu jeni ya TP53, ambayo ndiyo breki ya seli.

Ami alikutwa na virusi hivyo. Wajukuu zake walizaliwa baada ya 2001, chanjo ilipoingizwa katika ratiba ya watoto nchini Kenya, nao walichanjwa. Binamu yangu alizaliwa zamani. Nilimwambia apimwe virusi yeye kwanza, pamoja na ndugu zake na mama yao. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza maabara hufunguliwa saa ngapi.